Somo la Afya: Daktari wa Matumbo ya Watoto na Kazi Aifanyayo

Mtu akitoka mjini Dodoma kuelekea magharibi hufika Zuzu, nchi ya mibuyu na miiba, ambako mvua ni haba, na wazee walipenda kupanda uwele na mtama kwa kuwa mahindi huwadanganya. Uliza mama yeyote wa huko ni wakati gani matumbo ya watoto huharibika, naye atakuambia nyakati mbili: mvua za kwanza, maji yakokotapo uchafu wote uliolala juu ya nchi na kuutia madimbwini, na kiangazi kikali, visima vya mchangani vikawa vya watu na ng'ombe pamoja.

Mimi ni karani, wala si mganga. Nilifundishwa kusoma na kuandika katika shule ya misheni, na kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wagonjwa katika daftari la zahanati moja ya shamba. Karani hatibu mtu, lakini daftari humfundisha mambo. Niliona kwamba mtoto mwenye homa huletwa siku ya kwanza au ya pili, bali mtoto mwenye kuhara huletwa siku ya nne au ya tano, macho yamedidimia na sauti ya kulia imekwisha. Nikawauliza mama zao, "Mlikuwa wapi siku hizi zote?" Jibu lilikuwa karibu moja kila mara: "Tulidhani ni meno."

Basi nataka kueleza habari za madaktari wanaotibu matumbo ya watoto, wafanyavyo kazi, na kwa nini wao hutazama mahali pengine kabisa, wala hawatazami meno. Sisemi haya ili kuwacheka wazee wetu. Nasema kwa kuwa jambo hili limepita katika nyumba yetu wenyewe.

Dada yangu mdogo alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi sita. Mtoto akaanza kuhara na kutapika, ufizi ukavimba kidogo. Mama mkwe wake, mwanamke mwema asiye na neno baya na mtu, akasema, "Mwanangu, haya ni meno ya plastiki. Yasipotolewa mtoto atakufa." Wakampeleka kwa mzee mmoja, ambaye alichukua spoku ya baiskeli iliyonolewa, akachokoa ufizi mahali pa chonge, akatoa vitu viwili vyeupe, laini kama punje changa za uwele. Akawaonyesha: "Tazameni, ndiyo hayo." Nao wakaamini, maana waliona kwa macho.

Walichoonyeshwa kilikuwa jino kweli, lakini halikuwa la plastiki. Kila mtoto huzaliwa na mbegu za meno yake ndani ya ufizi, na mbegu ya jino la miezi sita ni nyeupe na laini, kwa sababu bado haijawa ngumu. Ukichokoa ufizi wa mtoto yeyote mwenye afya mahali pale utazikuta. Basi mzee yule hawezi kukosa kuonyesha ushahidi, na hapo ndipo ulipo udanganyifu wa jambo hili, hata kwake yeye mwenyewe. Madaktari wa meno wa Tanzania wameandika juu ya desturi hii tangu miaka ya 1990, na Dodoma ni miongoni mwa mikoa waliyoitaja. Wameeleza madhara yake: damu kutoka bila kukoma, sumu kuingia katika damu, pepopunda, na kwa wale wanaopona, meno ya ukubwani yanayoota yamepinda au yasiyoota kabisa, kwani mbegu ya jino la pili imelala jirani na ya kwanza.

Na kuhara? Kuliendelea vilevile. Usiku ule mtoto alikuwa na majeraha mawili kinywani, hawezi kunyonya. Asubuhi dada akanipigia simu, "Kaka, mtoto hafumbui macho." Nikamwambia asimwulize mtu mwingine tena, apande gari aje mjini.

Sasa nieleze aliyoyafanya daktari wa watoto alipompokea, kwa kuwa nilikuwapo nikatazama kila kitu kwa wivu wa karani asiyejua. Hakufungua kinywa kwanza. Alibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia, akahesabu kimya. Ngozi ya mtoto mwenye maji mwilini hurudi mara moja. Ya mtoto huyu ilisimama kama mkunjo wa kitambaa, ikarudi polepole zaidi ya nukta mbili. Akatazama macho. Akagusa utosi, nao ulikuwa umebonyea. Akamwekea maji katika kijiko midomoni, aone kama atakunywa kwa pupa, au kwa shida, au hatakunywa. Kisha ndipo akauliza: amehara mara ngapi, kuna damu, amekojoa lini, anyonya, ana majuma mangapi tangu aanze kupewa uji, na maji ya kunywa hutoka wapi.

Maswali yale yote yalikuwa na shabaha moja. Daktari alikuwa hatafuti jina la ugonjwa kwanza. Alikuwa akipima ni maji kiasi gani yametoka katika mwili wa mtoto. Kwani mtoto mwenye kuhara mara nyingi hauawi na kile kidudu kilichomwingia tumboni. Huuawa na ukavu. Mwili wa mtoto mchanga ni maji kupita robo mbili za uzito wake, na akiba yake ni ndogo. Mtu mzima akihara mara kumi hulegea, mtoto wa kilo sita akihara mara kumi aweza kufa kabla ya jua kutua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watoto zaidi ya 400,000 wenye umri chini ya miaka mitano hufa kila mwaka duniani kwa maradhi ya kuhara.

Mtoto yule alikuwa amekauka sana, kwa hiyo alitiwa maji kwa sindano ya mshipani. Lakini walio wengi hawahitaji sindano, na hii ni habari inayostahili kuelezwa kwa urefu, kwani ni habari ya daktari wa watoto aliyebadilisha uganga wa dunia nzima kwa sababu alikosa vifaa.

Hapo zamani watu walidhani kwamba utumbo ulioharibika kwa kuhara hauwezi kupokea kitu, kwa hiyo mgonjwa alinyimwa chakula na maji, naye akazidi kukauka. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Robert Crane, alieleza katika mkutano wa Prague kwamba katika ukuta wa utumbo sukari na chumvi huingia pamoja, kama wapagazi wawili wachukuao mti mmoja mabegani: mmoja akiwa hayupo, mwenziwe hasogei. Na wakiingia wote wawili, maji huwafuata. Mwaka 1968 madaktari waliokuwa wakitibu kipindupindu huko Dhaka, Nalin na Cash miongoni mwao, walionyesha kwamba mgonjwa aweza kunywa maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo sahihi akapona, hata kama bado anahara.

Wengi walisita. Kisha mwaka 1971 vita ikaja katika Bangladesh, na watu kwa mamilioni wakakimbilia India. Katika mji wa Bongaon, karibu na mpaka, kipindupindu kikaingia kambini. Daktari wa watoto wa huko India, Dilip Mahalanabis, alikuta wagonjwa wamelala sakafuni na maji ya kutia mshipani yanakwisha. Akaamuru sukari na chumvi zipimwe, zitiwe katika mifuko, zikorogwe ndani ya mapipa yenye bomba, na ndugu za wagonjwa, si wauguzi, wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Kabla ya hapo, katika wagonjwa mia moja walikuwa wakifa kama 30. Wale waliotibiwa kwa maji yale ya mapipa walikufa wasiozidi 4 katika mia. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kueneza dawa hiyo katika nchi zote. Mahalanabis alifariki mwaka 2022, na mtu wa Zuzu anayechanganya pakiti katika sufuria yake hajui jina lake, lakini anatumia akili yake.

Pakiti hiyo ndiyo iitwayo ORS. Katika ile ya lita moja mna gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, na gramu 2.9 za sitrati. Nimeandika vipimo hivi ili msomaji aone kwamba si unga wa kubahatisha. Watu wawili hukosea hapa: yupo atiaye maji machache ili dawa "iwe kali", naye humwongezea mtoto chumvi hata kumdhuru, na yupo atiaye maji mengi ili pakiti idumu siku tatu, naye humnywesha maji matupu. Soma kwanza pakiti inataka lita moja au nusu lita, kwa kuwa zipo za namna mbili. Maji yachemshwe na kupoa. Yaliyobaki baada ya siku moja, yamwage.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya kikombe kila baada ya choo cha maji. Aliyepita miaka miwili, nusu hadi kikombe kizima. Mpe kwa kijiko au kikombe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena polepole zaidi. Mama wengi huacha hapo, wakisema, "Dawa imekataa." Haikukataa, ilikwenda mbio. Pakiti ikikosekana na zahanati iko mbali, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja wewe kwanza: yasiwe na chumvi kupita machozi. Hayo ni ya njiani tu, yasiwe sababu ya kutokwenda.

Pamoja na maji hayo daktari hutoa vidonge vya zinki, miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, au nusu yake kwa mtoto asiyetimiza miezi sita. Kuhara kukikoma siku ya tatu usiviache, kwa kuwa kazi yake nyingine ni kumkinga mtoto miezi ifuatayo. Dawa za kufunga choo, zile anunuazo mtu mzima dukani, hazimfai mtoto. Na dawa za kuua vijidudu hutolewa kwa kuhara damu, kipindupindu, na mambo machache mengine ambayo daktari huyapima. Katika kuhara kwa kawaida hazisaidii kitu. Najua mama wengi huona wameonewa wakirudi na pakiti ya chumvi tu. Hawakuonewa.

Nimekaa sana katika kuhara kwa sababu ndiko kunakojaza daftari. Walakini tumbo la mtoto lina mashaka mengine, na hapo ndipo kazi ya mjuzi hasa inapoonekana. Kwa desturi mtu husoma udaktari miaka mitano, akafanya mazoezi mwaka mmoja chini ya wakubwa, kisha miaka mitatu ya magonjwa ya watoto. Atakaye kuwa bingwa wa matumbo ya watoto huongeza miaka tena juu ya hiyo. Watu hao ni wachache katika Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo kwetu kazi hii imegawanywa: tabibu na muuguzi wa zahanati huanza, daktari wa watoto wa hospitali ya mkoa hufuata, na mambo mazito hupelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambayo ilianza kupokea wagonjwa mwaka 2015 katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, au Muhimbili, Dar es Salaam. Daktari bingwa anao mrija mwembamba wenye taa, ambao huupitisha kinywani akaona tumbo kwa ndani. Lakini nilivyoelezwa, chombo chake kikubwa ni kumsikiliza mama.

Chukua mfano wa utumbo unaoingia ndani ya utumbo, kama mkono wa kanzu uliokunjiwa ndani. Huwapata hasa watoto wa chini ya mwaka mmoja. Mtoto hulia ghafula kwa uchungu, akikunja miguu tumboni, kisha hutulia kama hana kitu, kisha hulia tena. Baadaye hutapika, na choo huwa na damu na makamasi, chekundu kama jeli ya zabibu zetu nyekundu. Mtu asiyejua atasema ni kuhara damu, ampe vidonge. Daktari akisikia habari ya kulia kwa vipindi huwahi kukunjua utumbo kwa hewa au maji yanayotiwa kwa chini, na isipowezekana, mpasuaji hufungua tumbo. Ikicheleweshwa, utumbo hufa.

Au mtoto aliyezaliwa jana, naye hajatoa kile choo cheusi cha kwanza hata siku mbili zikapita, tumbo limejaa kama ngoma. Yawezekana sehemu ya mwisho ya utumbo wake haina mishipa ya kuusukuma uchafu. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, aliwaeleza wenzake ugonjwa huo mwaka 1886, nao huitwa kwa jina lake hata leo. Dawa yake ni kuikata sehemu ile. Na mtoto mchanga akitapika matapishi ya kijani, usingoje asubuhi. Ipo njia iliyozibwa.

Kuna habari moja nyingine inayowahusu Wagogo kwa namna ya kufurahisha. Katika Uholanzi, daktari wa watoto Willem Dicke alikuwa na wagonjwa waliokonda na kuhara miaka mingi bila sababu kujulikana. Katika njaa ya vita ya 1944 hadi 1945 mkate ulikosekana, na watoto wale, badala ya kuzidi, wakapata nafuu. Ngano iliporudi, wakaugua tena. Ngano ndiyo iliyokuwa ikiwadhuru. Kitu kile kibaya kwao kimo katika ngano na shayiri, wala hakimo katika uwele na mtama. Basi wale wanaoona haya kumpikia mgeni ugali wa uwele wajue kwamba zipo hospitali za Ulaya ambako mtoto wa namna hiyo huandikiwa nafaka kama hizi.

Tena yuko mtoto ambaye tumbo lake limeharibiwa na njaa iliyojificha. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, akaona watoto waliovimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, ngozi yambambuka. Waganga wenziwe walisema ni ugonjwa wa ngozi. Yeye aliwauliza akina mama, wakamwambia jina lake: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa titini mdogo wake alipozaliwa. Akaandika habari zake mwaka 1933, na jina hilo akalitangaza mwaka 1935. Mtoto huyo huhara, na kila ahapo hukonda zaidi, na kila akondapo utumbo hushindwa zaidi kupokea chakula. Ndiyo maana muuguzi hupima mkono wa juu kwa utepe wenye rangi: kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, naye hana budi kutibiwa mara moja.

Kumnyima chakula mtoto anayehara, basi, ni kumsukuma katika shimo hilo. Anyonyeshwe zaidi. Apewe uji. Na hapa bibi zetu walijua kitu, maana togwa haikuvumbuliwa hospitalini. Mwaka 1994 Wilbald Lorri, Mtanzania, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walitoa habari za uchunguzi wao hapa nchini kwamba watoto waliolishwa uji uliochachuka waliharisha mara chache kuliko wale wa uji wa kawaida. Ule uchachu huwazuia vijidudu kuzaana. Na kimea cha mtama au uwele kikitiwa katika uji mzito huulegeza, mtoto akanywa unga mwingi bila kushiba maji. Mama mkwe wa dada yangu aliposikia haya hospitalini alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufike, akasema, "Kumbe na mimi nilikuwa na dawa nyumbani, nikaiacha nikaenda kutafuta spoku."

Daktari hakumkemea. Alimwomba, kwa kuwa yeye ni mkubwa na wanawake humsikiliza, awaeleze wenziwe. Naona alikuwa na akili. Walimu waweza kuwafundisha watoto wa darasa la tano kuchanganya pakiti, kwa kuwa ndio wanaobaki na wadogo zao mama akienda shamba. Na mwenyekiti wa kijiji aweza kwenda kuzungumza kwa faragha na mzee mwenye spoku. Lakini neno la bibi hufika ndani ya nyumba ambamo mwenyekiti na mwalimu hawaingii.

Ziko pia chanjo. Kirusi cha rota, ambacho Ruth Bishop na wenziwe walikiona mara ya kwanza mwaka 1973 huko Melbourne, ndicho kinacholaza watoto wengi kwa kuhara kukali, na tangu mwaka 2013 Tanzania hutoa matone ya kukikinga, kuanzia mtoto atimizapo majuma sita. Mtoto wa dada yangu alikuwa hajapewa. Kadi yake ya kliniki ilikuwa nyumbani, imefungwa vizuri katika mfuko wa nailoni, nayo ilikuwa tupu upande huo.

Alikaa hospitali siku tisa. Ufizi ulipona kwanza, tumbo likafuata. Sasa anasoma darasa la pili, naye ni mtundu. Mwaka jana aliniuliza kwa nini meno ya wenziwe ya juu yamejipanga na yake yameacha nafasi pande zote mbili. Bibi yake alikuwa ameketi hapo karibu, akichambua uwele katika ungo, naye ndiye aliyemjibu, akimweleza yote tangu mwanzo, wala hakuacha neno.